Tani moja si nondo mia

Kwa miezi mitatu mfululizo nilimkata mshahara kijana wetu wa stoo, shilingi 50,000 kila mwezi, kwa ajili ya nondo ambazo hazikuwahi kuingia dukani. Naanza na hilo kwa sababu bado linaniuma, na kwa sababu karibu kila ninachokijua leo kuhusu kutunza kumbukumbu za duka kimetokana nalo.

Duka letu ni la vifaa vya ujenzi, lipo Nkuhungu, Dodoma. Tulilifungua 2019, mimi na mdogo wangu wa kiume. Serikali ilikuwa imeshatangaza kuhamia Dodoma tangu Julai 2016, na 2018 mji ukawa jiji, kwa hiyo kila mwenye kiwanja alikuwa anatafuta saruji, nondo na bati. Mwanzo tuliandika kwenye daftari kubwa la mistari. Mwaka 2021 tukanunua programu ya mauzo, kompyuta ikakaa kaunta, nami nikapumua. Niliamini kilichoandikwa kwenye kioo ndicho kilichopo stoo.

Mwishoni mwa Juni 2022 tulifunga duka siku nzima tukahesabu mali. Programu ilisema nondo za milimita 12 ziwe 118. Tulihesabu mara mbili, zikawa 76. Zimepungua 42. Wakati huo tuliuza nondo moja shilingi 24,000, kwa hiyo palikuwa na shilingi 1,008,000 zisizojulikana zilikoenda. Ufunguo wa stoo alikuwa nao kijana mmoja tu.

Nilimwita jioni, wengine wakiwa wameondoka. Akasimama pale kwenye ndoo za rangi, mikono nyuma.

"Dada, mimi zilivyokuja ndivyo nilivyozipokea," akasema. "Sijatoa hata moja bila risiti."

Nikamwambia kompyuta haina sababu ya kumsingizia. Hakubishana tena. Nikaamua kumkata kidogo kidogo badala ya kumfukuza, na moyoni nikajiona nimetumia huruma.

Oktoba akaja mhandisi mmoja kijana aliyekuwa anasimamia ghorofa moja upande wa Ihumwa. Alitaka bei ya nondo kwa tani, mimi nikampigia hesabu ya vipande mia kwa tani. Akanitazama. Akachukua kipande cha mfuko wa saruji uliochanika, akaandika kwa kalamu: 12 mara 12, gawa kwa 162. Akanieleza kwamba hiyo ndiyo kanuni wanayoitumia kila siku saiti: kipenyo cha nondo kwa milimita, ukizidishe kwa chenyewe, ugawe kwa 162, unapata kilo za kila mita. Kwa nondo ya 12 ni kama gramu 889 kwa mita. Nondo ina mita 12, kwa hiyo moja ina kilo 10 na nusu na ushee. Kilo elfu moja ukizigawa kwa hizo unapata nondo 94, hazifiki hata kamili.

"Mia umeitoa wapi, dada?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa naangalia ile karatasi ya mfuko na kichwani napiga hesabu yangu nyingine: tani 7 tulizopokea tangu programu ianze hadi siku ya kuhesabu, kila tani imeingizwa na nondo 6 za hewani. Saba mara sita ni arobaini na mbili.

Usiku ule mimi na mdogo wangu tulikaa na kompyuta hadi tukapata ilikotoka. Siku ya kwanza ya kuingiza bidhaa, programu ilikuwa na kisanduku cha lazima kinachouliza kipimo kimoja cha kununulia kina vipimo vingapi vya kuuzia, yaani kwa nondo, tani moja ina nondo ngapi. Bila kukijaza hauendelei mbele. Mdogo wangu alikuwa na bidhaa mamia za kuingiza, akaweka 100 ili apite, akisema moyoni atarudi kurekebisha. Hakurudi. Simlaumu, mimi mwenyewe ningefanya vilevile. Lakini ile 100 ya kupitia ikageuka kuwa ukweli wa duka, na ukweli huo ukamtoa mtu mzima shilingi 150,000.

Kilichonitia simanzi zaidi tulikigundua saa moja baadaye. Nondo za milimita 10 nazo zilikuwa zimewekewa makadirio: 130 kwa tani. Kwa kanuni ile ile ni 135. Tulipohesabu Juni, nondo za 10 zilizidi kwa 20, na tani tulizokuwa tumepokea ni 4. Tuliziona zile 20 siku ile ile, kwenye karatasi ile ile, tukacheka kwamba Mungu ametuongezea. Hakuna aliyemwita mtu pembeni kumuuliza ziada imetoka wapi. Laiti tungeifuata ziada kwa ukali tulioufuatia upungufu, tungefika kwenye kosa bila kumgusa mtu. Tangu siku hiyo, kwetu kinachozidi kinachunguzwa sawasawa na kinachopungua, hata kama ni mfuko mmoja wa misumari.

Asubuhi nilimrudishia kijana fedha yake yote, mbele ya wenzake, kwa sababu fununu za wizi zilikuwa zimeshasambaa kwa wenzake hao hao. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nimekukosea." Akapokea kwa mikono miwili, akahesabu, akasema tu, "Nilikwambia, dada, zilikuja hivyo hivyo." Kweli aliniambia. Yeye ndiye aliyezigusa moja moja zikishuka kwenye fuso, mimi nilikuwa na kioo tu, na nikaamini kioo.

Hapo ndipo tulianza kazi yenyewe. Nilitaka kuajiri mtu aje asafishe data yote kwa wiki mbili. Mdogo wangu akasema tutasafisha wiki mbili na mwezi wa tatu itakuwa imechafuka tena, kwa sababu uchafu unaingilia kaunta na kwenye mlango wa stoo, kila siku, kwa mkono wa mtu mwenye haraka na foleni mbele yake. Alikuwa sahihi. Tukaamua kuanzia pale.

Mlangoni kwanza. Sasa mzigo wa nondo ukija hatuandiki tani peke yake. Tunaandika tani kama zilivyo kwenye hati ya mzigo, na pembeni tunaandika vipande vilivyohesabiwa, kwa chaki, nondo kwa nondo. Kanuni ya 162 tunaitumia kama jicho la pili. Tukipokea tani moja ya nondo za 12 tukahesabu 93 au 95, sawa, maana viwandani uzito hupungua na kuzidi kidogo. Tukihesabu 88, tunampigia muuzaji dereva akiwa bado hajawasha gari. Hesabu inatuambia tutegemee nini, lakini kinachoingia kwenye kompyuta ni kilichohesabiwa.

Kisha majina. Hapa ndipo kazi ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri. Misumari ya inchi 4 ilikuwemo mara sita: "misumari 4", "msumari nchi 4", "misumari ya kenchi", na nyingine zimeandikwa kwa namna ambayo hata aliyeandika hakuikumbuka. Kila jina lilikuwa na idadi yake na bei yake. Muuzaji akitafuta "misumari" alichagua ya kwanza iliyotokea, kwa hiyo moja ilikuwa inaenda hasi na nyingine inajaa mali isiyokuwepo. Saruji ndiyo ilikuwa hatari zaidi. Iliandikwa "saruji" tu, wakati tunauza ya 32.5, ya plasta, na ya 42.5, yenye nguvu zaidi kwa zege, ambazo bei zake si moja na kazi zake si moja. Mteja anayemwaga zege la nguzo akipewa ya plasta kwa sababu kumbukumbu zetu hazikutenganisha, hilo limeshavuka mipaka ya hesabu za duka, maana ni nyumba ya watu watakaolala ndani.

Nilijaribu kupanga majina peke yangu, kwa akili yangu ya ofisini. Nikaandika "Msumari, chuma, inchi 4". Hakuna aliyelitumia. Yule dada wa kaunta akaniambia, kwa upole, kwamba mteja haji kuomba msumari wa chuma. Kwa hiyo tukakaa sote Jumapili moja mchana, na kijana wa stoo ndiye aliyeshika kalamu. Yeye anataja kitu kama anavyokiita akikibeba, dada wa kaunta anakitaja kama mteja anavyokiomba, tukikubaliana kinaandikwa. Jina la kitu kwanza, kisha saizi, kisha aina. "Bati geji 28 mita 3 blue." "Nondo 12." "Misumari 4 kilo." Orodha ikabandikwa ukutani juu ya kompyuta, na katika programu tukafunga njia ya kuongeza bidhaa mpya. Anayetaka kuongeza ananiita mimi au mdogo wangu. Inachelewesha kidogo, na nakubali ichelewe.

Bati nalo lilitufundisha. Kijana mgeni kaunta alidhani geji 30 ni nene kuliko geji 28, kwa vile 30 ni kubwa. Kwa bati ni kinyume, geji ikipanda bati linakuwa jembamba. Akaona bei ya 30 iko chini, akadhani ni makosa, akazibadilisha. Wiki nzima tukauza bati nene kwa bei ya jembamba. Alikuwa na nia njema kabisa. Siku hizi maelezo ya namna hiyo yameandikwa kwenye orodha ile ya ukutani, chini ya bidhaa husika, mstari mmoja tu.

Visanduku vya lazima tulivipunguza karibu vyote. Programu ilikuwa inadai namba ya simu ya kila mteja. Nilipofungua orodha ya wateja nikakuta namba 0700000000 imejirudia mamia ya mara. Mtu anayenunua bomba la nusu inchi na bodaboda inamsubiri nje hatataja namba yake, na muuzaji lazima apite. Unapomlazimisha mtu ajaze asichokijua, anakupa uongo unaofanana na ukweli, na huo ni mbaya kuliko nafasi tupu, kwa sababu nafasi tupu unaiona. Sasa namba tunachukua ya mteja wa mkopo na wa kupelekewa mzigo peke yake. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, nayo inataka ukusanye taarifa ya mtu kwa sababu inayoeleweka. Nilipoisikia nikafurahi, maana tulikuwa tumeshafika hapo kwa njia ya maumivu.

Kwenye madeni tulikuwa na "Mama Junior" watatu. Mmoja alilipa akapunguziwa mwingine deni, na aliyelipa akapigiwa simu ya kudaiwa akiwa msibani. Nilikwenda kumwomba radhi kwake mwenyewe. Namba ya simu ndiyo ikawa jina halisi la mdaiwa, lakini nayo ilikuwa na mkasa wake. Mdogo wangu alikuwa amehamishia madeni kwenye Excel, na Excel ikiona 0754 na kuendelea inadhani ni hesabu, inadondosha sifuri ya mbele. Dawa yake ni kuiweka safu nzima kuwa maandishi kabla hujaandika chochote. Tukaongeza sharti kwamba namba iwe na tarakimu 10 na ianze na sifuri, pungufu ya hapo haikubaliki. Na kabla ya mkopo kutoka, dada anaipigia pale pale, simu ya mteja ikaita mkononi mwake. Kwa kazi ya sekunde chache, namba mbovu zimekwisha.

Tarehe ziliniibia usingizi kuliko namba. Kompyuta ilikuwa na mpangilio wa Kimarekani unaotanguliza mwezi. Tukiandika 03/04/2022 tukimaanisha tarehe 3 Aprili, yenyewe inaelewa Machi 4. Tukiandika 13/04/2022, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, inaiacha kama maandishi. Kwa hiyo nusu ya madeni yalikuwa na tarehe zilizogeuzwa kimyakimya na nusu hayakuwa na tarehe kabisa kwa macho ya kompyuta, na yote ukiyatazama yanaonekana sawa. Dalili yake ni ndogo: tarehe nyingine zimeegemea kulia kwa kisanduku, nyingine kushoto. Ukiliona hilo kwenye jedwali lako, acha kila kitu urekebishe kwanza. Sisi tulibadilisha mpangilio wa kompyuta, na mwezi sasa tunauandika kwa herufi, 3 Apr 2022, ili hata mtu asiyetujua asikosee.

Na saa. Mteja mmoja alilalamika kwamba saruji yake ilifika jioni wakati mafundi wameshalipwa kutwa nzima kukaa bure. Daftari la kirikuu likasema mzigo ulitoka "saa 2". Dereva anaposema saa 2 anamaanisha asubuhi, jua likiwa changa. Dada wa kaunta, aliyewahi kufanya kazi hotelini, akiandika saa 2 anasoma simu, yaani saa nane mchana. Safari hiyo dada ndiye aliyeandika. Mimi nilisoma kwa macho ya dereva, nikambishia mteja aliyekuwa na haki. Tofauti ya saa sita, na wote wawili wameandika ukweli wao! Mdogo wangu alitaka wote wahamie kwenye saa 24. Nilikataa. Dereva wa miaka hamsini na ushee hataacha kuhesabu saa kama mama yake alivyomfundisha kwa ajili ya daftari langu. Tuliongeza neno moja tu: "2 asubuhi", "8 mchana", "12 jioni". Daftari la karatasi linazungumza lugha ya anayeliandika, na anayeingiza kwenye kompyuta ndiye anayegeuza.

Kuhesabu mali mara moja kwa mwaka tumeacha. Kila asubuhi kabla ya kufungua tunahesabu bidhaa tano, na zile zinazotoka sana kama nondo 12 na saruji zinarudi kwenye zamu kila wiki. Anayehesabu hapewi idadi iliyoko kwenye kompyuta. Hili nalisisitiza, kwa sababu mwanzo tulikuwa tunampa karatasi yenye idadi tayari, naye akikaribia pale anaona kama zimetimia. Mtu si mwongo, ila jicho linapenda kukubaliana na kilichoandikwa. Jioni mdogo wangu anachukua ripoti ya Z, ile ya kufunga mauzo ya siku, kwenye mashine ya EFD inayotoa risiti za kodi, anailinganisha na mauzo ya programu, kisha na fedha taslimu pamoja na zilizoingia lipa namba. Zikitofautiana, hatulali nalo. Tofauti ya leo utaikumbuka leo. Baada ya wiki inakuwa kitendawili.

Lakini hayo yote yasingefanya kazi bila daftari jekundu. Lipo chini ya kaunta, na ndani yake kila mmoja anaandika kosa alilolifanya au alilolikuta. Anaandika kosa na muda, jina si lazima. Ahadi niliyoitoa siku ile ya kurudisha fedha ni kwamba kilichoandikwa mle hakikatwi kwenye mshahara wa mtu. Wiki tatu lilikaa tupu. Nikaandika mimi wa kwanza: nimeingiza lita 4 za rangi kama ndoo ya lita 20. Siku ya pili yake dada wa kaunta akaandika lake. Kisha kijana wa stoo. Leo ndilo ninalolisoma kwanza kila Jumatatu kuliko hata mauzo, kwa sababu kosa likijirudia mara tatu kwa watu tofauti, najua kuna mahali pamewekwa vibaya, mara nyingi na mimi.

Kinachotushinda hadi sasa ni mchanga na kokoto. Tunanunua kwa tripu na kuuza kwa tripu, na tripu ni neno tu, kila lori lina bodi yake na kila dereva ana namna yake ya kusawazisha juu. Kwenye programu tripu moja ni tripu moja, kama vile nondo zilivyokuwa mia. Kijana wa stoo ndiye aliyelileta hilo, akaliandika kwenye daftari jekundu: "Tripu ya Fuso na tripu ya tipa si sawa." Tumenunua futi kamba ndefu. Malori mawili yanayotuletea mchanga mara nyingi tumeshayapima urefu, upana na kina cha bodi, na vipimo vimeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni, kwa ridhaa ya wenyewe. La tatu mwenyewe anasitasita. Ameahidi kulileta Jumamosi.